Kipimo cha Moshi

Kazi yangu ni kuchomeka mrija
kwenye tundu la ekzosi, na kungoja.
Miaka kumi na tisa hapa Kaohsiung,
kati ya duka la betri na muuza supu ya bata,
nimezijua pikipiki za watu kwa pumzi zao:
hii imebadilishwa oili, hii inadanganya,
hii kichujio chake kimeziba tangu harusi.

Mwezi wa kumi na moja upepo hufa.
Mlima Shoushan hufutika ukiwa palepale,
na nguo nyeupe ninazoanika juu ya duka
huingia ndani na mstari wa majivu
pale zilipokunjwa kwenye kamba.
Ndipo watu huanza kutafuta wa kulaumiwa.

Shemeji yangu Kuo Jung-tsan alikuja mchana,
vioo juu, kiyoyozi kikinguruma.
Akashusha kioo upana wa vidole viwili.
"Pi-hsia, ni hivi vidudu vyenu.
Gari langu halitoi hata harufu.
Lete mrija wako, uumbuke."

Nikauleta.
Namba zikatoka ndogo. Ndogo kweli,
zimejikunyata karibu na sifuri.
Aliyeunda ule mtungi wa kuchuja moshi, chini ya gari,
alijua kazi yake.
Jung-tsan akacheka kwa tumbo lake lote.

Sikubisha. Namba ni namba.
Ila mashine yangu haina macho.
Haikuona tani moja na nusu za chuma
zilizoamshwa, zikapashwa moto, zikasukumwa kilomita sita
kumleta mtu mmoja na mfuko wa mapera.
Haikuuliza habari ya lita nane kwa kilomita mia,
wakati yule binti wa chuo, Hsiang-yun, hutumia mbili
na nyuma amempakia mwenzake na gitaa.
Haina safu ya kuandika ile hewa
isiyo na rangi, isiyomkohoza mtu,
inayopanda tu, ikakaa huko juu
kama deni ambalo mkopaji hatalilipa yeye.
Na pale alipoegesha yeye,
pikipiki sita zingekaa na paka akapita.

Nilifungua mdomo nimwambie yote hayo.
"Na ile?" akasema.

Ile, ukutani, ni ya marehemu baba.
Injini ya mipigo miwili,
inayokunywa oili pamoja na petroli
na kutema isichoweza kumeza.
Niliipiga teke mara nne.
Moshi wa buluu ukajaa dukani hadi barabarani,
muuza bata akafunika sufuria.
Nikachomeka mrija.
Mashine ikapanda, ikapanda,
ikaacha kuhesabu, ikaandika vistari vitatu.
Injini isiyozidi chungu cha uji
ilikuwa imetema kwa dakika
yale ambayo gari la shemeji huyatema kutwa.

Nami nilivuta pumzi, kwa makusudi.
Ndiyo harufu ya baba akitoka bandarini,
ya mimi kusimama mbele yake, kati ya magoti,
viganja juu ya kioo cha kuonyesha kasi,
nikiamini kabisa kwamba tunaruka.

Jung-tsan hakucheka tena.
Alikuwa naye amepanda ile, siku ya posa yake.

Nilichukua kadi ya baba, nikaandika *Imeshindwa*,
nikapiga muhuri. Ulitoka hafifu.
Nikaupiga tena.

Nje taa ilikuwa nyekundu.
Pikipiki mbele, kama siafu mlangoni,
magari nyuma, na ubavuni lori la saruji.
Mtoto alisimama mbele ya mama yake,
barakoa yake ina picha ya sungura,
pua yake kimo kimoja na ekzosi ya lori.
Taa ikawa kijani. Wote wakapumua nje.
Yeye peke yake, nadhani, alipumua ndani.

Jioni niliingiza nguo.
Mstari ulikuwa palepale, begani mwa shati.
Nikausugua kwa sabuni ya mche,
maji yakageuka kijivu kwenye beseni,
nikayatazama muda mrefu
nikijaribu kutambua
lipi la shemeji, lipi la baba.